Mama yuko kwenye warfarini, kachomwa diklofenaki na kapewa Flagyl, sasa anatoka damu kwenye fizi. Nifanyeje?

Mwana Makorora

Asalaam aleykum wakuu na kina mama wote humu, naombeni msaada wa haraka kwa wanaojua. Mama yangu tuko naye hapa Tanga, Makorora, umri sitini na kitu. Mwaka jana alipata kiharusi kidogo, mkono wa kulia ukalegea na mdomo ukapinda, alhamdulillah akarudi vizuri, wakampima wakakuta moyo unadunda bila mpangilio ndo wakamuanzishia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Anakunywa kidonge cha miligramu 5 kila siku baada ya isha, kliniki hakosi, INR yake, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, huwa inacheza 2.2 mpaka 2.8 na daktari wake anasema yuko vizuri asibadilishe kitu.

Sasa wiki iliyopita jino likamuuma shavu likavimba, mimi nilikuwa kazini, kaenda na mjukuu wake zahanati moja ya karibu, kachomwa sindano ya diklofenaki ya makalioni, kapewa vidonge vya diklofenaki vya kuendelea navyo nyumbani pamoja na amoksilini na Flagyl. Anasema aliulizwa tu kama ana presha au kisukari akajibu hana, habari ya dawa nyingine hakuulizwa na yeye hakusema. Kula pia hali, uji na chai tu kwa ajili ya hilo jino.

Tangu juzi kila akisukutua anatema damu, leo asubuhi nimekuta mto una damu, pale alipochomwa sindano pamevimba pamekuwa zambarau upana wa kiganja kizima, na mikononi ana alama za bluu wala hakumbuki kujigonga popote. Jirani yetu anasema hiyo warfarini ni sumu ya panya aiache kabisa. Kliniki yake ni wiki ijayo. Nisubiri? Hii damu ni ya jino au ya dawa? Na nikatishe ipi, warfarini au hizo nyingine, manake kiharusi kikirudi sijui nitafanya nini jamani.

Famasia wa Ngamiani

Waaleykum salaam ndugu yangu, pole sana. Usisubiri kliniki. Mchukue bi mkubwa sasa hivi mpeleke Bombo upande wa dharura, au hospitali yoyote ambayo una uhakika maabara yao inapima INR, na ukifika pale usianze na habari ya jino, anza na "mama anatumia warfarini na anatoka damu" halafu ndo mengine yafuate. Beba kadi yake ya kliniki na beba maboksi na vipakiti vya dawa zote hata zilizoisha, usimtegemee mgonjwa kutaja majina.

Diklofenaki asimeze tena hata kimoja. Kidonge cha warfarini cha usiku wa leo usimpe mpaka INR ijulikane na daktari aseme, lakini nakuomba usielewe hapo kwamba nimekwambia uiache, kuruka usiku mmoja damu ikiwa inatoka ni jambo moja na kuitupa dawa kabisa kwa mtu aliyewahi kupata kiharusi ni jambo lingine la hatari kweli.

Njiani au hospitalini mwangalie, akilalamika kichwa kimempiga ghafla, akitapika chenye damu au cheusi, choo kikawa cheusi chenye kunata, mkojo ukawa mwekundu, akianza kuchanganya maneno au kulegea upande mmoja, piga kelele waje mara moja usikae kwenye foleni. Nenda kwanza, nikifunga dirisha jioni nitakuja kueleza kwa nini imetokea.

Kijana wa Chumbageni

Mimi naona huyo jirani hajakosea, hata mimi nimesikia na mtandaoni ipo kwamba warfarini ilikuwa sumu ya panya. Mjomba wangu alikuwa na damu nzito akatumia kitunguu saumu cha kusaga na tangawizi na unga wa mlonge asubuhi na jioni, yuko vizuri mpaka leo. Kwa nini mama wa watu ale sumu wakati dawa za asili zipo?

Bi Sauda Pangani

Mwanangu wa Chumbageni, nakujibu kama mama yako manake hili limenigusa. Mimi nina valvu ya chuma kwenye moyo, nilifanyiwa upasuaji Dar miaka mingi sasa, na bila warfarini hiyo valvu inaganda damu juu yake na mimi naondoka. Na mimi nilipoanza niliambiwa hayohayo ya sumu ya panya, nikalia usiku kucha, halafu nikaamua nisome mwenyewe nijue nakula nini.

Ni kweli ilikuwa sumu ya panya, tena haifichwi. Miaka ya 1920 huko Marekani na Kanada ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu ya malisho yaliyooza, baadaye mwanasayansi mmoja wa Wisconsin anaitwa Karl Paul Link na wenzake wakaitoa ile kemikali inayozuia damu kuganda, kutokana na hiyo wakatengeneza warfarini, mwaka 1948 ikaingia sokoni kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Rais wa Marekani Eisenhower alipopata shambulio la moyo mwaka 1955 naye alipewa hiyohiyo. Tofauti ni kipimo. Panya anakula bila mtu wa kumpima, mimi nakula kidonge kimoja na damu yangu inapimwa.

Na hizo dawa za asili mwanangu si kwamba hazina nguvu, zina nguvu na hapo ndo penye tabu. Kitunguu saumu na tangawizi kwenye mchuzi au kwenye chai havina neno, sote tunakula. Lakini ukivisaga ukanywa vikombe kila siku, au ukanunua vile vidonge vyake vilivyokolezwa, unaongeza hatari ya kutoka damu juu ya warfarini. Mlonge wenyewe ni majani ya kijani yaliyokaushwa, yana vitamini K, unavuta upande wa pili kabisa damu igande. Sasa mtu akichanganya vyote na warfarini, daktari akipima anaona INR inapanda na kushuka hajui kwa nini, na mgonjwa hasemi.

Mwana Makorora tupe habari mwaya, tunamuombea bi mkubwa.

Famasia wa Ngamiani

Nimerudi. Ahsante Bi Sauda, umeniondolea nusu ya kazi.

Naeleza sasa ilivyotokea kwa mama, na wengine wenye wazazi kwenye warfarini msome taratibu. Ini linatumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, warfarini inazuia hiyo vitamini K isirudi kutumika tena, kwa hiyo vile vitu vinapungua na damu inachelewa kuganda. INR ni kipimo cha huko kuchelewa. Mtu asiyetumia dawa yuko kwenye 1 hivi, mwenye moyo unaodunda bila mpangilio kama mama tunamtaka kati ya 2 na 3, wenye valvu ya chuma kama Bi Sauda mara nyingi wanapandishwa kidogo, 2.5 mpaka 3.5, inategemea valvu ipi. Chini ya hapo damu inaweza kuganda pasipotakiwa, na ikishapita 5 hivi hatari ya kuvuja inapanda haraka.

Warfarini inavunjwa na ini kwa kimeng'enya kimoja hasa kinaitwa CYP2C9. Flagyl, yaani metronidazoli, inakizuia hicho kimeng'enya. Mama hajaongeza kidonge, anakunywa kilekile kimoja, ila ndani ya mwili ni sawa na mtu aliyeongezewa dozi kila siku kwa sababu ya jana haijatoka na ya leo imeingia juu yake. Na haionekani siku hiyohiyo, inachukua siku mbili tatu mpaka kama wiki, ndo maana watu hawaunganishi, wanasema "mbona Flagyl nimeanza tangu juma lililopita sikuona kitu".

Diklofenaki yeye anakuja kwa njia nyingine, anachubua utando wa tumbo na anazifanya zile chembe sahani za damu zisishikane. Hapa niwe wazi kwa sababu hata baadhi yetu wa dukani tunapitiwa, INR inaweza kuwa 2.5 nzuri kabisa na mtu akatapika damu kwa sababu ya diklofenaki, kipimo hakikuonyeshi hilo. Ibuprofeni hivyohivyo, aspirini hivyohivyo, na diklopa ambayo kila nyumba Tanga hii ipo ndani yake ni diklofenaki na parasetamoli. Vidonge vingi vya kichwa vya vipakiti vidogo vya madukani vina aspirini ndani, mtu anameza hajui. Isipokuwa kama daktari wa moyo mwenyewe ndiye aliyekuandikia aspirini ndogo pamoja na warfarini kwa sababu yake, hiyo usiikate kwa kunisoma mimi hapa, muulize yeye.

Sindano ya msuli nayo ni shida peke yake. Mtu wa warfarini ukimchoma sindano ya makalio damu inavujia ndani ya msuli, ile zambarau uliyoiona ndo hiyo. Watu wetu wanapenda sindano, anaona kidonge hakina nguvu, na wahudumu wengi wanampa anachotaka. Kwa huyu mgonjwa hapana.

Halafu amoksilini inaongeza kidogo kwa baadhi ya watu, na kutokula kunaongeza tena kwa sababu vitamini K ya kwenye chakula imepungua. Kwa hiyo mama alikuwa na Flagyl, diklofenaki ya sindano na ya vidonge, amoksilini na njaa kwa wakati mmoja. Jino lilikuwa dogo kuliko tiba yake.

Nesi wa Muheza

Famasia umesema vizuri, naongezea upande wa pili ambao nimeuona kwa macho yangu wodini na unaua kimyakimya, yaani dawa zinazoishusha INR.

Tulikuwa na kaka mmoja mwenye damu iliyoganda mguuni, yuko kwenye warfarini, akagundulika na TB akaanza dawa za miezi 6. Ndani ya zile dawa za TB kuna rifampisini na inatumika miezi yote sita, yenyewe inalisukuma ini livunje warfarini kwa kasi kubwa. Baada ya wiki kama mbili INR ikaanguka mpaka 1 na kitu, mguu ukavimba tena. Kliniki wakapandisha warfarini kidogokidogo mpaka ikawa mara tatu ya ile ya mwanzo ndo INR ikakaa. Hapo vizuri. Tatizo likaja pale alipomaliza TB, akafurahi, akarudi kwao kijijini, kadi ya TB imefungwa na watu wa TB, kadi ya warfarini iko kwenye kliniki nyingine, hakuna aliyekumbuka kwamba rifampisini ikitoka ini linarudi polepole kwenye kasi yake ya zamani na ile dozi kubwa sasa ni balaa. Alirudishwa anatoka damu puani haikatiki. Alipona, ila ilikuwa karibu sana.

Kwa hiyo kuanza dawa mpya mpime, na kuacha dawa pia mpime, hili la pili ndo linasahaulika. Dawa za kifafa kama fenobabitoni na kabamazepini zinafanya kama rifampisini. Baadhi ya dawa za ARV zinagusa, nyingine zinapandisha nyingine zinashusha, msifiche hali yenu kwa daktari wa warfarini wala warfarini msiifiche kwa CTC, yaani kliniki ya ARV.

Na kinamama, dawa za fangasi. Flukonazoli kile kidonge cha fangasi za ukeni kinapandisha INR vibaya, hata ile jeli ya mikonazoli ya kupaka mdomoni kwa fangasi za ulimi, mtu anasema ni ya kupaka tu, inamezwa na inafika kwenye damu.

Mwana Makorora

Wakuu nimerudi, tumelazwa. Wallahi nilifanya kama famasia alivyosema, nimefika nikasema warfarini na damu, hawakuniweka foleni. INR imetoka 7.1. Daktari aliangalia paketi ya Flagyl na ile diklofenaki akatikisa kichwa tu. Wamesimamisha warfarini, wamempa vitamini K, wamesimamisha diklofenaki, Flagyl na amoksilini wamebadilisha antibayotiki nyingine wanasema haigombani sana, maumivu anapewa panadol. Wamemuangalia choo na mkojo hakuna damu, kichwa hakimuumi. Kesho wanapima tena.

Nina maswali mawili. Nesi mmoja pale kamwambia mama asile tena kisamvu wala mchicha wala matembele maisha yake yote, na mama kisamvu cha nazi ndo chakula chake, kanuna kabisa. Na la pili, Ramadhani ikija anafungaje na hii dawa?

Bi Sauda Pangani

Alhamdulillah! Nimeshukuru sana kusoma hii.

Kisamvu ale mwambie. Mimi hapa Pangani nakula kisamvu, nakula majani ya maboga, nakula mchicha, na INR yangu imetulia. Kinachotakiwa ni kulingana, yaani wiki hii na wiki ijayo zifanane. Kama yeye ni mtu wa kula mboga za majani mara tatu kwa wiki basi iwe hivyo kila wiki, daktari atapanga dozi juu ya chakula chake cha kawaida. Balaa ni yule anayekatazwa akaacha mwezi mzima INR ikapanda, dozi ikapunguzwa, halafu ikatokea shughuli ya wiki nzima nyumbani akala kisamvu mchana na usiku INR ikaporomoka. Na mtu asiyekula mboga kabisa ndo INR yake inayumba zaidi, kitu kidogo tu kinamtoa, hili nimeelezwa na daktari wangu na nimeliona kwa wenzangu wa kliniki.

Kuhusu funga, dawa ni mara moja kwa siku na mama anainywa usiku, kwa hiyo haigusi mchana wake. Aendelee saa ileile baada ya isha, au baada ya futari kila siku. Kinachobadilika Ramadhani ni chakula, tunapunguza mboga tunaongeza tambi, maandazi na uji, kwa hiyo mwambie daktari mapema apimwe wiki ya kwanza ya mfungo, na tena baada ya Idi. Ila kama bado anavuja au hajatulia, asifunge mpaka daktari aseme, dini yetu imempa mgonjwa ruhusa.

Mkazi wa Bagamoyo

Samahani naingilia, mimi niko Bagamoyo, baba yangu naye warfarini, kila akipima INR tunampeleka Dar na nauli na foleni vinatumaliza. Nimesikia kuna dawa mpya rivaroxabani na apixabani hazihitaji INR wala hazigombani na chakula, kwa nini wasiwape wazee wetu wote hizo tukapumzika? Baba ana ugonjwa wa moyo tangu ujanani, wanasema valvu ilibana kwa sababu ya homa ya utotoni.

Famasia wa Ngamiani

Ndugu wa Bagamoyo swali lako ni zuri na jibu lake kwa baba yako ni la tahadhari sana, usije ukamnunulia mwenyewe famasi.

Hizo dawa ni nzuri kwa watu wengi, hazihitaji INR, mboga hazizigusi. Lakini kuna watu wawili ambao warfarini bado ndo dawa yao. Wa kwanza ni mwenye valvu ya chuma, walijaribu dabigatrani, mojawapo ya hizo dawa mpya, kwa hao, majibu yakatoka 2013, utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dawa mpya waliganda zaidi na wakavuja zaidi. Wa pili ndo kama baba yako, valvu iliyobana kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni pamoja na moyo kudunda bila mpangilio. Kuna utafiti mkubwa unaitwa INVICTUS, wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, yaani watu wenye ugonjwa kama wa huku kwetu, majibu yalitoka 2022, waliokuwa kwenye dawa za aina ya warfarini walikufa wachache kuliko waliokuwa kwenye rivaroxabani. Kwa hiyo daktari wa baba akimwacha kwenye warfarini hayuko nyuma ya wakati.

Na hata dawa mpya zinagombana na nyingine. Rifampisini aliyoitaja nesi inazimaliza nguvu nazo, kabamazepini vilevile, dawa za fangasi kama ketokonazoli zinazipandisha, na diklofenaki inavujisha tumbo ukiwa kwenye yoyote kati ya hizi. Ubaya wake kwetu ni kwamba zikipanda au zikishuka hakuna INR ya kukuonyesha, na ukiruka siku moja kwa kukosa hela kinga inaondoka haraka. Rivaroxabani ile ya miligramu 15 na 20 lazima inywewe na chakula, tumbo tupu haiingii yote, wagonjwa wengi hawaambiwi.

Cha kufanya kwenye nauli, uliza hospitali ya karibu nawe kama wanapima INR siku hizi ili baba apimwe hapohapo na majibu yapelekwe kwa daktari wake kwa simu. Mtu aliyetulia muda mrefu hapimwi kila wiki, anaweza kufika wiki kadhaa kati ya kipimo na kipimo. Anayetakiwa kupimwa haraka ni aliyeanza au kuacha dawa, kama siku ya tatu mpaka ya tano, halafu arudie, na aliyeugua homa, malaria, kuharisha au aliyeshindwa kula, kwa sababu homa na njaa peke yake zinaipandisha hata bila dawa mpya.

Kijana wa Chumbageni

Nimesoma yote. Bi Sauda shikamoo na ahsante. Nauliza kwa nia njema, huyo mjomba wangu sasa hivi ana magoti, kaandikiwa dawa ya kuchua yenye harufu kali na vidonge vya maumivu, na nimemuuliza leo kumbe kliniki walishampa warfarini tangu mwezi uliopita ila anachanganya na ule mlonge na kitunguu. Nimwambieje?

Bi Sauda Pangani

Marahaba mwanangu. Usimgombeze, ukimgombeza atakuficha. Kaa naye, mwambie kliniki hawatamfukuza, awaeleze mlonge anakula kiasi gani na tangu lini ili wapime na kumpangia, asiuache ghafla leo usiku bila kuwaambia manake INR inaweza kuruka. Vile vikombe vya kitunguu ni heri avisitishe mpaka waongee. Mimi nilianza kusema kila kitu pale kliniki siku nilipokutana na daktari mwanamke aliyeniuliza "mama unakunywa nini kingine nyumbani, hata cha mzizi" bila kunikunjia uso. Wangeuliza hivyo wote tungesema.

Famasia wa Ngamiani

Na hivyo vidonge vya magoti uvisome jina, vikiwa diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu, vyote hapana, arudi kwa aliyemwandikia. Dawa ya kuchua ile ya harufu kali nyingi ina salisileti, ndugu ya aspirini, akipaka kidogo goti moja si neno kubwa ila akijipaka magoti, mgongo na mabega kila usiku inaingia kwenye damu na imeshapandisha INR za watu.

Kwa wenzangu wa madukani kama mko humu, nawaomba kwa moyo wote, kabla ya kutoa Flagyl, Septrin, siprofloksasini, erithromaisini au diklofenaki uliza neno moja, "unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda?" Septrin inapandisha kuliko hata Flagyl kwa wengine. Tunazitoa hizi kila saa, na mgonjwa wa warfarini anapita kwetu mara nyingi kuliko anavyopita kliniki.

Mwana Makorora

Mama katoka hospitali. INR ilishuka mpaka 3.2 halafu wakamrudishia warfarini, jana imesoma 2.6. Nimemwandikia karatasi kubwa "NATUMIA WARFARINI" nimeilaminisha anatembea nayo kwenye kanga, na mjukuu ameshafundishwa kusema. Kesho tunakwenda kung'oa lile jino. Mtu wa meno kwa simu alisema aache warfarini siku kadhaa kabla, daktari wa kliniki kasema asiache. Nani nimsikilize? Na baada ya kung'oa maumivu anakunywa nini?

Famasia wa Ngamiani

Msikilize wa kliniki. Kwa jino moja na INR iko chini ya 4 warfarini haisimamishwi, hatari ya kiharusi akiiacha ni kubwa kuliko damu ya kwenye fizi ambayo inazibika. Muombe daktari wa kliniki ampigie mwenzake wa meno waelewane, au aandike kwenye kadi, usibishane wewe. Mng'oe asubuhi na mapema mwanzoni mwa wiki ili damu ikisumbua kuwe na watu kazini, mtu wa meno aweke uzi na pamba ngumu ya kuziba, mama aing'ate kwa nguvu nusu saa nzima bila kuchungulia. Siku hiyo asisukutue mdomo, asinywe chai ya moto, kesho yake ndo maji ya chumvi ya uvuguvugu taratibu.

Maumivu ni panadol, miligramu 500 mpaka 1,000 kwa mara moja, isizidi gramu 2 kwa siku yaani vidonge 4, na kwa siku chache tu, manake panadol nayo ikitumika kwa wingi siku nyingi mfululizo inapandisha INR. Wakitaka kumpa antibayotiki uliza jina kabla hamjaondoka pale, ikiwa Flagyl tena kataa kwa adabu na onyesha karatasi ya hospitali. Na antibayotiki yoyote atakayopewa, pima INR siku ya nne hivi. Damu ikiendelea kutoka pamba ikiwa imeng'atwa vizuri na nusu saa imepita mara mbili, rudini hospitali usiku huohuo.